SOMO LA AFYA: KIJANA ANAYELALA BARABARANI



Katika toleo hili zamu ya somo la afya imeniangukia mimi. Wengine walinishauri niandike juu ya malaria, wengine juu ya usafi wa vyoo vyetu. Mambo hayo ni mazuri, lakini yamekwisha kuandikwa mara nyingi, na vyoo vyetu mnavijua wenyewe. Mimi nimechagua vijana ambao tunawapita kila asubuhi tukija masomoni, nasi hatuwaangalii. Hapa Bukavu, kama vile kule Goma, tunawaita maibobo. Kinshasa wanawaita shege. Kabla ya kuendelea, kila mtu afungue Luka 10, mstari wa 25 mpaka wa 37, mfano wa Msamaria. Tutaurudia mwishoni.

1. JAMBO LILILONITOKEA

Mnajua kazi yangu ya doyen: kufunga mlango, kupanga mistari, kulinda robine ya maji. Siku moja ya trimestri iliyopita, kabla ya kengele, vijana watatu waliingia uani na chupa zao za plastiki ili kuteka maji. Nilipiga kelele. Niliokota jiwe, sikulitupa, lakini niliwaonyesha. Wakakimbia. Yule mdogo aliruka mtaro nyuma ya ukuta akakanyaga kipande cha bati. Niliona damu. Wenzangu walinipigia makofi, na mimi, siwafichi, nilifurahi.

Siku kama kumi baadaye nilimwona tena karibu na soko la Nyawera. Mguu ulikuwa umevimba, amefunga kidonda na sashe nyeusi. Safari hii hakukimbia. Aliniambia: "Doyen, leo usinifukuze. Siko na mguu ya kukimbia."

Maneno hayo yalinichoma. Nilimwita mwalimu wetu wa biolojia, tukaenda naye kwenye kituo cha afya. Pale waliuliza kwanza: "Muzazi wake iko wapi?" Mwalimu akajibu: "Leo ni mimi," akalipa. Muganga alisafisha kidonda, akamchoma sindano ya pepopunda, kisha akatoa maagizo. Kuosha kidonda mara mbili kwa siku na maji safi na sabuni. Kumeza dawa mara tatu, baada ya kula. Kutokanyaga matope. Kulala mguu ukiwa juu ya mto. Kurudi baada ya siku tatu kubadilisha bandeji.

Kijana alisikiliza yote vizuri sana. Tulipofika nje akacheka, akaniuliza: "Sasa yaya, kula mara tatu ni wapi? Na muto ya kuweka mguu? Na maji safi, si ni ile ya kwenu ku masomo?"

Sikuwa na jibu. Ndugu zangu, kila agizo la yule muganga lilikuwa la kweli, na kila moja lilidai nyumba. Hilo ndilo somo langu lote la leo: dawa peke yake haiponyi mtu ambaye hana pa kuimezea. Mengine yote nitakayoandika hapa chini yanaeleza neno hilo moja.

2. HAWA NI NANI, NA WAMETOKA WAPI?

Tusiwachanganye wote pamoja. Kuna wale wanaoshinda sokoni wakibeba mizigo, jioni wanarudi kwa mama na franka kidogo za unga. Kuna wale wanaolala huko huko, chini ya meza za soko au kwenye baraza za magazini. Na kuna wale wanaokwenda na kurudi: wiki mbili nyumbani, mwezi barabarani. Sheria ya nchi yetu ya kulinda mtoto, namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, inasema kila mtu ambaye hajatimiza miaka 18 ni mtoto. Basi wengi tunaowaita wezi na wahuni kwa sheria ni watoto, tena wa umri wa wadogo zetu wa madarasa ya chini.

Sababu ni nyingi, nami nitataja nne:

a) Vita na misiba. Kivu yetu imeona vita ya 1996, ile ya 1998, na nyingine baada yake, hata vita ilipofika Bukavu kwenyewe Februari 2025. Katika kukimbia, watoto wanapotezana na wazazi. Tena Mei 2023 maji na mawe yalishuka milimani kule Kalehe, yakafunika Bushushu na Nyamukubi. Zaidi ya watu 400 walikufa. Mtoto aliyebaki peke yake anafuata barabara inayokwenda mjini.

b) Ugomvi wa nyumbani. Baba amekufa au ameoa mke mwingine, chakula hakitoshi, fimbo haipumziki. Mtoto anaona afadhali njaa isiyo na matusi.

c) Kusingiziwa uchawi. Hapa sisi watu wa kanisa tuinamishe vichwa, kwa maana mara nyingine neno hilo limetoka ndani ya chumba cha maombi. Mtoto anakojoa kitandani, mjomba anapoteza kazi, basi wanasema ni yeye. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 41, inakataza kumsingizia mtoto uchawi. Na sheria ya 2009, kifungu cha 160, inamtia gerezani mwaka 1 mpaka 3 yule anayemtesa mtoto moyoni kwa neno hilo.

d) Minervali. Masomo ya msingi ya serikali yalitangazwa kuwa ya bure tangu Septemba 2019, lakini sisi wa sekondari tunalipa. Rafiki yangu tuliyekaa naye benchi moja miaka miwili alifukuzwa kwa deni. Leo nimemwona Kadutu akibeba magunia. Bado analala kwa shangazi yake. Lakini kutoka kubeba magunia mpaka kulala juu ya magunia si mwendo mrefu. Msidhani ukuta ulio kati yetu na wao ni mnene.

3. MWILI

Sasa tuingie katika magonjwa yenyewe. Kwa kila moja jiulizeni: nyumba iko wapi katika dawa yake?

Vidonda. Kidonda kidogo nyumbani kinapona kwa wiki moja, kwa sababu kinaoshwa na kinafunikwa. Barabarani kinaingia matope, nzi na mkojo. Hatari kubwa ni pepopunda, ambayo vijidudu vyake vinakaa katika udongo na mavi ya wanyama. Msaada wa kwanza ni maji mengi safi na sabuni, halafu kitambaa safi. Usimwage petroli wala majivu.

Ngozi. Upele unapita kutoka ngozi hadi ngozi. Maibobo wanalala wamekumbatiana juu ya baridi. Bukavu iko karibu metre 1500 juu ya bahari, na mvua inanyesha tangu Septemba mpaka Mei. Baridi inawaunganisha, na upele unapita katika muungano huo. Dawa ya kupaka ipo, lakini inafaa tu ikiwa wote wanaolala pamoja wamepakwa siku moja na nguo zao zimefuliwa. Nani atafua nguo moja ambayo ndiyo anayoivaa? Vile vile mpox. Kumbukeni kwamba namna mpya ya ugonjwa huo ilionekana Kamituga, katika jimbo letu hili, mwaka 2023, hata OMS ikapiga kengele kwa ulimwengu wote tarehe 14 Agosti 2024. Tuliambiwa tusigusane na tunawe mikono. Yule asiye na maji wala kitanda atatii namna gani?

Kifua. Mtu akikohoa wiki mbili au zaidi, akikonda na kutoka jasho usiku, apelekwe kupimwa kifua kikuu. Dawa zake hutolewa bure, lakini zinamezwa kila siku kwa miezi 6. Akiacha katikati, vijidudu vinazoea dawa na ugonjwa unakuwa mgumu zaidi. Kijana anayefukuzwa baraza hadi baraza ataweka wapi vidonge vya miezi sita bila kunyeshewa wala kuibiwa?

Tumbo. Kolera haijaisha kandokando ya ziwa letu. Inaweza kuua mtu kwa muda wa saa chache, kwa sababu maji yote ya mwili yanatoka. Kila mwanafunzi ashike hesabu hii kwa moyo: litre 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari, nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, vyote vijiko sawasawa bila kilima. Mgonjwa anywe kidogo kidogo, bila kuacha, huku mnampeleka hospitali. Msikae kungoja.

Mbwa. Mbwa wa usiku na maibobo wanagombea jalala moja. Akiumwa na mbwa, aoshwe kidonda na maji ya kutiririka na sabuni kwa dakika 15, halafu aende mara moja kutafuta chanjo. Kichaa cha mbwa kikionyesha alama zake, karibu hakuna anayepona.

Usingizi. Hili hatulihesabu kama ugonjwa. Mwili wa umri wetu unataka usingizi wa saa 8 mpaka 10. Nilimuuliza yule kijana wanalala namna gani. Alisema: "Tunalala kwa zamu. Moja anaangalia, benzake banalala. Mvua ikikuya, njo hakuna mwenye kulala." Ndiyo maana tunawakuta wamelala juani saa nne ya mchana, nasi tunasema ni wavivu.

4. GUNDI

Mmewaona na kichupa puani. Ni gundi ya mafundi wa viatu. Ndani yake mna kitu kinachoitwa tolueni. Kinavutwa, kinapita mapafuni, kinaingia damuni na kufika kichwani upesi sana. Ubongo wetu una mafuta mengi, na tolueni inapenda mafuta. Ndiyo maana inakaa huko. Kijana anaona kizunguzungu, anacheka, hasikii njaa, hasikii baridi. Mnisikilize vizuri: havuti kwa sababu ya ujinga. Anavuta kwa sababu ni kitu cha bei rahisi kinachofanya kazi ya chakula, blanketi na usingizi kwa saa moja. Lakini deni lake ni kubwa: kusahau, mikono kutetemeka, kutembea kama mlevi, figo kuharibika.

Tena kuna jambo moja ambalo mwalimu wa biolojia alinieleza, nami sikulala siku ile. Tolueni inafanya moyo kuwa mwepesi kushtuka. Mtu aliyevuta gundi akiogopeshwa ghafula au akikimbizwa, moyo wake unaweza kuvuruga mapigo na kusimama papo hapo. Anakufa akikimbia. Kumbukeni jiwe langu. Yule kijana, kwa neema ya Mungu, hakuwa amevuta asubuhi ile.

Ukimkuta mmoja amelewa gundi: usimpigie kelele, usimkimbize, ondoa kichupa polepole, mlete mahali penye hewa, mlaze kwa ubavu ili asisongwe na matapishi. Usimpe kitu cha kunywa kama hana fahamu. Usiwashe kiberiti karibu yake, kwa maana gundi inashika moto.

5. WASICHANA, NA UBAYA WA USIKU

Wasichana wa barabarani hatuwaoni sana, lakini wapo. Mchana wanauza ndizi na karanga, usiku wanatafuta mtu wa kuwalinda, na mlinzi mwenyewe ndiye anayewaharibu. Wavulana nao wanatendewa hivyo. Wao wananyamaza zaidi kwa haya. Hapa kuna hesabu nyingine ya kushika: saa 72. Aliyetendewa kwa nguvu akifika hospitali kabla ya saa 72 kupita, anaweza kupewa dawa za kuzuia ukimwi, na msichana dawa ya kuzuia mimba pia. Akifika mapema zaidi ni bora zaidi. Hata saa zimepita, aende tu, kuna matunzo mengine. Katika mji wetu iko Hospitali ya Panzi, ambayo Dr Denis Mukwege aliianzisha mwaka 1999 pamoja na kanisa la CEPAC. Kwa kazi ya kuwatunza watu waliotendewa hivyo alipewa zawadi ya Nobel mwaka 2018. Dada zetu, msione haya kumwambia mwenzenu habari hii. Kosa ni la aliyetenda, si la aliyetendewa.

6. MOYO

Nimeandika sana juu ya mwili, lakini yule kijana alipoulizwa ni nini kinachomuuma kuliko yote, hakusema mguu. Alisema: "Kuitwa we maibobo." Siku nyingi hakuna mtu mzima anayemwita kwa jina alilopewa na mama yake. Mtu asiyeitwa kwa jina anaanza kuamini kwamba hayupo, na mtu asiyekuwapo hatunzi mguu wake. Jina lake ninalijua sasa, lakini si langu kuliweka hapa. Mkitaka kulijua, mje robineni mmuulize mwenyewe.

7. "LAKINI NI WEZI"

Najua wengine mnasema hivyo, na mimi nilisema. Ni kweli, wengine wanaiba. Viatu vyangu vya mpira viliibiwa dirishani na sijasahau. Lakini mwizi naye anapata kolera, na kolera haiulizi nani mwizi nani mwanafunzi. Inapita katika maji tunayokunywa wote. Tena, tukisema hatutamtunza mpaka awe mwema, Msamaria wetu angemuuliza yule mtu kwanza alikuwa anatafuta nini katika njia ile mbaya.

Tazameni mfano ule vizuri. Zamani nilifikiri kazi ya Msamaria ilikuwa mafuta na divai juu ya vidonda. Hiyo ni dawa. Lakini hakuishia hapo. Alimpandisha juu ya mnyama wake, akamfikisha kwenye nyumba ya wageni, akakesha naye, akalipa, akaahidi kurudi. Bwana Yesu hakusahau nyumba ndani ya mfano wake. Sisi ndio tunaoisahau.

8. TUFANYE NINI?

Sisi ni wanafunzi, hatuna nyumba ya kuwapa. Kazi ya kuwarudisha kwa jamaa au kuwatafutia mahali ni ya watu wazima, makanisa na wale wa serikali wanaoshughulika na watoto. Lakini kipande kidogo cha nyumba tunacho: maji, sabuni, na mtu anayekungoja saa ile ile kila siku.

Bwana Prefe ameturuhusu kujaribu mpaka mwisho wa trimestri. Kila asubuhi, saa kumi na mbili na nusu mpaka saa moja, robine ya nyuma iko wazi kwa vijana wa nje. Mwalimu wa biolojia yupo na sanduku la bandeji. Masharti ni haya:

– Hakuna kukimbiza mtu, wala kupiga kelele, wala kutupa jiwe. Mimi wa kwanza.
– Hakuna kwenda peke yako usiku kuwatafuta. Hiyo si imani, ni kujitia hatarini.
– Kila mmoja aitwe kwa jina lake.
– Penye kikohozi cha wiki mbili, kuhara sana, kuumwa na mbwa au mambo ya saa 72, mwambie mwalimu siku ile ile.
– Kipande cha sabuni kinachobaki nyumbani usikitupe, ukilete.

Kwa sasa tuko wanne wa kufanya zamu, nasi tumechoka. Tunahitaji wengine sita. Kukiwa na fujo au vitu vikipotea, ruhusa itaondolewa, na robine itafungwa tena, na mimi nitarudishwa kusimama pale kama zamani. Sipendi kurudi pale.

Sitaki kuwadanganya. Mguu wa yule kijana umepona, kovu liko. Lakini usiku huu atalala barabarani kama jana. Asubuhi atakuja na chupa yake, na mtu atamwambia karibu. Ni kidogo. Nawaomba tu kwamba kidogo hicho kisikatike.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Chukua ugonjwa mmoja kutoka sehemu ya 3. Eleza dawa yake, halafu orodhesha vitu vya nyumbani ambavyo dawa hiyo inadai.
2. Kwa nini ni hatari kumkimbiza mtu aliyevuta gundi?
3. Kwenu nyumbani, au katika kanisa lenu, kuna mtoto anayeitwa mchawi? Nani angeweza kusema neno?
4. Unajua majina ya vijana wangapi kati ya wale unaowapita kila siku?

Wenu katika kazi,
Doyen wa wanafunzi, mwaka wa mwisho